Joto la Banda Tupu

Carnabrack,
Karibu na Gortin,
Kaunti ya Tyrone.
9 Februari 2015

Mpendwa Dervla,

Salamu nyingi, mwanangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Ruairi, na kwamba jua la Fremantle halijawababua mkafanana na paja la nguruwe la Krismasi. Afya yangu si ya kujisifia. Moyo umechoka. Daktari ameacha kunikataza chumvi, nami nimeelewa maana yake. Usilie. Nimeishi vya kutosha, ila nina jambo la kukuambia kabla kaka yako Malachy hajakupigia simu kukueleza kwamba shangazi yenu amerukwa na akili.

Kila Jumapili ukinipigia huniuliza kama nina joto, nami hujibu kwamba ninalo. Sikukudanganya. Ila sikukuambia nilikuwa nimekaa wapi.

Unalikumbuka banda la kuku la marehemu baba yako, lile refu la bati. Tangu azikwe halijaingia kuku. Mwaka juzi Malachy alilifungia boila, tanuri la kupasha joto, ya kuchoma punje za kuni, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa. Wakubwa wa serikali huko Belfast walitaka watu waachane na mafuta ya taa, wakaahidi kumlipa kila mwenye boila ya biashara kwa joto analotoa. Malipo hayo yakapita bei ya kuni zenyewe. Hawakuuliza joto linamfaa nani. Basi kaka yako anachoma mchana kutwa na usiku kucha, feni zinapuliza, milango iko wazi, na ndani hamna kitu. Theluji haikai juu ya lile bati. Paka wa majirani wote wamehamia huko, wananenepa kwa kulala.

Usinielewe vibaya. Sina ugomvi na kuni, wala na upepo, wala na hicho wanachotaka kutuletea baada ya hapo. Nimewafundisha watoto wa kijiji hiki sayansi mpaka nywele zikawa nyeupe, na najua hewa inavyochafuka. Ndiyo maana nina hasira. Kitu kizuri kimepelekwa kwa watu, nao wamekigeuza bomba la kumwaga moshi na fedha za umma angani, wakiwa wamevaa suruali za kwendea Misa.

Nilimwendea Malachy mwezi wa kumi na moja, tangi langu la mafuta lilipobaki na matope chini. Alikuwa akipakua magunia na yule rafiki yake, Cathal.

"Malachy, unampashia nani joto humu?"

"Serikali, Shangazi. Inasikia baridi sana."

Cathal akacheka mpaka akaachia gunia.

"Basi nivutie bomba mpaka nyumbani. Ni hapo tu, ng'ambo ya ua."

"Bomba likiingia nyumba ya mtu inakuwa matumizi ya nyumbani. Huo ni mpango mwingine, malipo yake kiduchu." Akanipangusa theluji begani, kwa upole kabisa. "Ungekuwa kuku, Shangazi, ningekusaidia leo leo."

Nikaenda zangu nikiwa nimejaa kinyaa. Siku ya tatu, vidole viligoma kushika kikombe. Nikarudi bandani kumtukana, nisimkute. Nikageuza ndoo nikaikalia. Nikavua koti. Mwanangu, nililala pale kama mtoto mchanga.

Nikawa kuku. Kila asubuhi nilivuka ua na mkongojo wangu. Baada ya wiki nilikuta kiti cha baba yako kimewekwa pale, chenye mto. Aliyekiweka ni Malachy, nami sikushukuru. Niliona nafasi ile ni ya kunidhalilisha, na kila siku niliirudia.

Januari akaja binti mmoja wa ofisi inayotoa malipo hayo kukagua, na kipimajoto chake. Malachy akamwambia kwamba banda sasa ni mahali pa wazee wa kijiji kupumzikia. Alisema vile mbele yangu, bila hata kunitazama, kana kwamba tulishapatana. Binti akanigeukia. Kumbe nilimfundisha mama yake.

"Ni kweli, Mwalimu? Wazee hukutana hapa?"

Nikamjibu, "Ni kweli. Leo wamechelewa kwa sababu ya theluji."

Hakuna aliyeniuliza habari za theluji, Dervla. Niliiongeza mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, na pale uani palikuwa na nyayo zangu peke yangu, na vitundu vya mkongojo kando yake. Binti alizitazama. Kisha akanitazama mimi, akaandika nilichosema, kwa kuwa ni mimi niliyekisema. Hilo ndilo nisilojisamehe. Malachy anauza moshi. Mimi niliuza jina langu, na sikuuza ghali. Niliuza kwa kiti na joto.

Jioni kaka yako alinibusu kichwani na kuniletea chupa ya wiski. Ameshaagiza boila ya pili, ya ghala la viazi.

Kwa aibu nilikwenda kwa jirani yangu Concepta, nikidhani nikimleta yeye bandani uongo wangu utageuka kuwa kweli. Nilimkuta jikoni amevaa kofia na makoti mawili, amewasha matofali ya mwisho ya udongo wa kinamasi unaochomwa kama kuni, yale aliyokata marehemu mumewe. Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, unataga?"

"Concepta, tafadhali."

"Nauliza tu. Maana mimi nimeshachoma meza ndogo, na kigoda kinafuata, lakini bandani bado sijahamia."

Akanimiminia chai. Tulikunywa, pumzi zetu zikionekana. Tangu siku hiyo sijavuka ule ua.

Nimempigia simu yule binti. Anakuja Alhamisi, na nitamwambia banda ni tupu na lilikuwa tupu. Malachy anajua. Alisimama mlangoni kwangu akaniuliza kama nataka watoto wake walale njiani. Nikamwambia nataka watoto wake wajue mlango hufungwa kukiwa na baridi. Akaondoka bila kuufunga wangu. Atakulilia wewe, nakuomba usimtetee kwangu, ila umpokee, ni ndugu yako.

Nisalimie Ruairi na mapacha wenu, Oisín na Blathnaid. Mwambie Blathnaid picha ya kangaruu iko juu ya meko, ingawa meko yenyewe hayana moto. Concepta anakusalimu. Mungu awalinde, awape mvua mnayoingoja.

Jambo la mwisho. Malachy amekuwa akisema kwamba siku yangu ya kufa ikifika, waombolezaji wapokewe bandani, kuna nafasi na joto. Usikubali. Nilazwe nyumbani kwangu, sebuleni, baridi ilivyo. Mimi sitaihisi, na atakayekuja kuniaga atakuja na koti lake.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata nikiwa nimekunja uso,

Attracta