Utepe Mdomoni mwa Meya

Jumamosi, 14 Januari 2023
Nimeolewa! Mume. Mume wangu. Mume wangu Galo! Nimeandika mara tatu na nitaandika tena. Sherehe tumeifanyia kisiwani, chini ya mahema, karibu na gati la boti zake za kukanyaga, zile zenye sura ya bata. Mvua ilingoja hadi tulipomaliza kucheza — hata mvua inampenda.

Keki ilikuwa ya ghorofa tatu. Wasichana ambao hawajaolewa walizivuta tepe zilizochomekwa ndani yake, kila utepe na kidude chake mwishoni. Anayepata pete ya bati ndiye atakayefuata kuolewa. Zoila, dada yake Galo, aliuvuta wake, ukakatika. Hakuna aliyepata pete! "Mmeificha makusudi," akasema. Ana miaka thelathini na minne. Alikuwa karibu kulia kweli.

Kisha picha na Meya. Hakuna bibi harusi wa hapa anayeondoka bila picha na yule iguana mzee, mjusi mkubwa wa kisiwa tunayemwita Meya. Don Teófilo, anayefagia upande huu wa kisiwa, aliniona na kipande cha keki. "Binti, Meya hali keki. Majani na maua tu. Tumbo lake la kizee hilo." Nikaitikia. Akaenda kumtafutia mama mkwe kiti. Nilingoja ageuke — nikampa Meya! Akakifakamia chote. Kautepe keupe kakabaki kananing'inia mdomoni, mpiga picha akapiga kelele: "Meya amevaa tai!" Kisha kakaingia nako. Nilicheka hadi wanja ukachuruzika.

Mume wangu!

Jumapili, 5 Februari
Siku ya kupiga kura. Watu wametoka vituoni wakamiminika kisiwani, foleni hadi katikati ya daraja. Kibandani kwangu, ninapouza vyakula na juisi, mabonge ya ndizi na jibini yameisha kabla ya saa sita. Don Teófilo anamwambia kila mtu kura yake amempa Meya wetu: "Haibi, hahutubii, na akilala analala hadharani." Watu hoi.

Picha imetoka kwa fundi wa fremu. Galo ameitundika juu ya kochi. Weupe ule mdomoni, mama mkwe anasema ni krimu. Galo amesimama nyuma yangu, kidevu begani kwangu. Nyumba yetu!

Jumanne, 21 Februari
Karnivali, siku ya kurushiana maji na povu! Nimelowa hadi kwenye mifupa. Galo alinimwagia ndoo nzima mbele ya wateja, nami nikamjaza povu masikioni. Kisiwa chote cheupe kwa povu. Nimempelekea Meya ua jekundu, lile analolipenda. Hakuteremka mtini. Don Teófilo anasema hajagusa ua siku nne. "Amezeeka, mzee?" nikauliza. "Mimi ndiye niliyezeeka," akasema. "Yeye anaumwa."

Alhamisi, 6 Aprili
Meya amekufa. Don Teófilo alimkuta asubuhi chini ya mti wa mkungu, tumbo limevimba. Jirani alikuwa ameniletea supu ya Pasaka ya nafaka na samaki wa chumvi, nikaiacha mezani. Watu walisimama kama msibani. Mtu aliwasha mshumaa. Galo alilia waziwazi, na nikampenda zaidi kwa machozi yale. Daktari wa wanyama amemchukua ampasue.

Jumatano, 12 Aprili
Tangazo limebandikwa langoni. Ndani ya utumbo wa iguana: kipande cha bati cha mviringo, kimezongwa na utepe. Sababu: taka zilizoachwa bila kufagiwa.

Nimelisoma mara tatu. Kisha nimefunga kibanda, nimekwenda nyumbani, nimepanda juu ya kochi na viatu. Nimeitazama picha kwa karibu hadi pumzi yangu ikatia ukungu kioo.

Si krimu.

Ni pete ya Zoila. Ni mimi.

Ijumaa, 28 Aprili
Don Teófilo hana kazi tena. Miaka ishirini na miwili. Amerudisha sare, lakini akaomba abaki na ufagio kwa sababu aliufunga mwenyewe. Alipita kibandani kuaga.

"Labda kweli nilikiacha mahali, binti. Macho haya." Akayagusa kwa kidole, kama anaonyesha kifaa kilichoharibika.

Anaamini! Anaamini ni yeye!

Nilifungua mdomo. Nikasema: "Juisi, mzee?" Nikampa ya parachichi na barafu nyingi. Juisi!

Jumamosi, 29 Aprili
Sikusema.

Jumanne, 25 Julai
Sikukuu ya mji. Mashindano ya boti za bata, na Galo akashinda huku akinirushia mabusu kutoka kwenye maji, wanawake wote wananitazama kwa wivu. Miezi sita ya ndoa na moyo wangu bado unaruka anapopandisha mikono ya shati. Nilitaka niandike hayo tu leo.

Lakini Don Teófilo alikuja. Kama mgeni, na shati la pasi. Hawezi kutembea bila kuinama — anaokota vijiti vya aiskrimu na vifuniko vya soda, anajaza mifuko ya suruali. Muuza mahindi akamwita kwa sauti ya juu: "Don, leo umekuja kumuua nani? Sisi hatuna mikia!" Watu wakacheka. Yeye akacheka pia, akajibu: "Wewe utakufa kwa mahindi yako mwenyewe, mimi nitakusogezea tu."

Na mimi nilicheka. Niliisikia sauti yangu kati ya zao. Nimepiga mswaki mara mbili leo na haitoki.

Alhamisi, 2 Novemba
Siku ya wafu. Nimeuza uji wa zambarau tangu alfajiri. Mtu ameweka mkate wa umbo la mtoto, ule wa kuwakumbuka wafu, chini ya mkungu, mahali pa Meya. Watu wanasahau lakini si yote.

Jioni nilianza. "Galo, ile keki yetu ya harusi…" Akasema ilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kula, akanibusu. Nikaliacha busu lile limalize sentensi yangu.

Ana mdomo mtamu. Mimi wangu ni mdomo wa nini?

Jumapili, 10 Desemba
Kikao cha wauzaji wa kisiwani. Sanamu ya Mzee Mwaka, ile tunayoichoma tarehe thelathini na moja, mwaka huu itakuwa Don Teófilo, na iguana amekufa miguuni. Kwa mzaha tu, wanasema. Mwaka jana alichomwa muuza mahindi, akafurahi. Galo ndiye fundi wa sanamu za karatasi, kwa hiyo kazi ni yake. Halafu wasia — yale mashairi ambamo Mzee Mwaka anawaachia watu mali na matusi kabla ya moto. Wote wakanigeukia. "Narcisa aandike! Nani mwingine hapa amemaliza sekondari? Na asome mwenyewe, ana sauti."

Nilisema sawa. Ningesema nini? Kila mlango wa kutokea ulikuwa na jina la Galo, jina la mama mkwe, jina langu jipya.

Jumatano, 20 Desemba
Don Teófilo wa karatasi ameketi kwenye kochi letu. Galo amemtengeneza vizuri hadi inatisha — mabega yale yale, sikio la kushoto lililokunjika. Nakunywa kahawa mbele yake nikiwa nimegeuza kiti.

Leo ametengeneza iguana. Anaiga picha yetu ya ukutani. Akapaka rangi, akaisogelea picha, akarudi, akaisogelea tena. Kisha akakata utepe mweupe, akaugandisha mdomoni.

"Kumbe si krimu," akasema. "Ni utepe."

Brashi ikabaki hewani. Kisha akauliza gundi nimeiweka wapi.

Jumamosi, 30 Desemba
Nimeandika wasia mara mbili. Wa kwanza una vina, watu watavunjika mbavu:
"Don Teófilo nakuachia ufagio wa kulalia,
kwani ule wa kufagia hukuwahi kuutumia."

Wa pili hauna vina. Una mistari sita. Unaanza na jina langu.

Galo halali vizuri. Wala haulizi kitu. Ananishika mkono mezani kama anayevusha mtu barabara.

Jumapili, 31 Desemba
Saa kumi na mbili kasoro. Niko kibandani, nimeteremsha shata nusu, naandika juu ya boksi la ndizi. Kisiwa kimejaa. Moto ni usiku, lakini wasia unasomwa sasa watoto wasikie. Sanamu imefungwa kwenye nguzo ya gati. Picha iko ndani ya aproni yangu, kioo chake kina baridi tumboni. Galo aliniona nikiitoa msumarini. Alinishikia kochi lisiteleze.

Don Teófilo amekuja! Shati jeupe, ufagio begani. Naona kupitia upenyo. Amemwambia Galo: "Ufagio huu uliompa sanamu ni wa kuchekesha, bwana mdogo. Mtu atafagia nini na huo? Mpe wangu. Mimi sina kazi nao tena." Galo ameupokea kwa mikono miwili. Hamtazami.

Zoila ameinama mbele ya iguana. Ameushika utepe, anauzungusha kati ya vidole. Amewahi kuvuta utepe kama huo. Hacheki na wenzake.

"Narcisa! Tunangoja uzeeke?" Huyo muuza mahindi.

Glasi ya juisi imepinduka juu ya karatasi yenye vina. Herufi zimekimbia zote. Sijui kama mkono uliteleza — sijui kweli. Imebaki moja, kavu.

Shata inagongwa. Taratibu, kwa ncha ya kidole.

"Binti, umo humo? Ukisoma paza sauti. Sikio la kushoto limekufa. Na usinionee huruma, nimekuja kucheka mimi!"

Nimemjibu akae mbele, mzee, mbele kabisa, upande wa sikio zima. Amenishukuru. Amesema ninamjali sana.

Napandisha shata