Furu Yetu na Brevet Yake

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu

Courant imekatika tena, labo yote giza. Nimepima samaki huku wanafunzi wakinimulikia mizani kwa simu. Furu, tanuru yetu ya kukaushia samaki, inafanya kazi. Samaki imekauka sawasawa kila upande, na kuni tuliyotumia ni kidogo sana kuliko ile ya pipa la wazi. Miaka tunaijenga, tunaibomoa, tunaijenga. Mchana doyen, mkuu wa kitivo chetu, ameniita, anacheka peke yake. Brevet, hati ya uvumbuzi wetu, imefika toka Kinshasa. Université ndiyo mwenye mali. Chini yake jina langu, mvumbuzi: Furaha Dhesi. Nimesoma mara mbili. Nimefurahi, halafu nimechoka ghafla.

Alhamisi, 6 mwezi wa tatu

Mkutano kwa recteur, mkuu wa université. Kampuni moja ya Kampala inataka licence, yaani ruhusa ya kutengeneza na kuuza furu yetu. Université itapata sehemu kwa kila furu itakayouzwa. Recteur ameeleza vizuri. Serikali haitupi kitu. Vita imefukuza familia toka mashambani, hawawezi tena kulipa minerval, karo ya watoto. Uvumbuzi ndio shamba letu sasa, amesema. Tumepiga makofi. Mimi pia. Friji ya labo yangu ilikufa zamani.

Kisha nimesoma mkataba. Licence ni ya kampuni peke yake. Mtu mwingine yeyote haruhusiwi kujenga furu hii. Nimemfikiria dada yangu mkubwa, yaya Lotsove.

Jumamosi, 8 mwezi wa tatu

Nimeenda site ya wakimbizi, upande wa Shari. Yaya Lotsove anaishi pale tangu walipokimbia Djugu. Hema ya bâche moja, watoto wanne. Mwaka jana nilimwonyesha jinsi ya kujenga furu yetu kwa udongo na mabati ya pipa. Yeye amefundisha wengine. Sasa wamama wanakausha samaki ya ziwani Tchomia na kuuza sokoni. Lakini kubwa ni kuni. Furu inakula kidogo, hawaendi porini kila siku. Porini kuna watu wenye silaha. Wiki hii jirani yao, Mama Rachel, alienda kutafuta kuni. Hajarudi. Yeye furu yake ilikuwa haijajengwa bado.

Nimemwambia yaya habari ya brevet. Hajui neno hilo. Nimesema ni karatasi ya serikali, inaonyesha kitu hiki ni cha nani, na nani anaweza kukitengeneza.

"Kwa hiyo hii furu haiko yetu tena?"

"Iko ya université, yaya."

"Na siye?"

Amenifungia samaki nipelekee watoto nyumbani. Nimeona aibu kuibeba.

Jumatano, 12 mwezi wa tatu

Mtu wa kampuni amefika. Mpole, suti safi, anaongea Kiswahili polepole. Nimeomba kifungu kimoja tu: wamama wa site na mafundi wa Ituri wajijengee furu bila kulipa. Soko lote lingine, achukue. Amekataa. Amesema hawezi kulipia kitu ambacho wengine wanapata bure. Inaeleweka. Nimemchukia hata hivyo.

Doyen amenivuta nje.

"Furaha, saini tu. Nani atakwenda site kutafuta furu za wamama? Hakuna mutu."

"Kama hakuna mutu, basi waandike hivyo."

Amerudi ndani. Saini yangu inahitajika kando ya ile ya recteur.

Ijumaa, 14 mwezi wa tatu

Sikusaini. Recteur hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Ameuliza tu kama nakumbuka assistants ambao hawajalipwa. Nakumbuka. Désiré, assistant wangu, ni mmoja wao. Tumepishana kwenye ngazi, hakunisalimia. Mume wangu anasema nimefanya sawa. Amesema akiangalia sahani yake.

Naogopa.

Jumatatu, 17 mwezi wa tatu

Mtu wa kampuni amepita kuaga. Hana hasira. Ameniuliza kama tuliandikisha brevet Uganda pia. Hapana. Kenya? Hapana. Hatukuwa na pesa ya kulipa avocat, wakili wa huko. Na kusema kweli, hakuna aliyefikiria. Tulidhani karatasi ya Kinshasa inatosha.

"Basi, mama, brevet yenu inaishia mpaka wa Mahagi. Kwetu furu hii anatengeneza anayetaka. Mimi niliwaomba kwa sababu ya soko la Congo."

Nimeuliza: na mkizileta huku bila ruhusa? Amekubali kwamba hapo sheria yetu itavunjwa. Halafu ameuliza nani atasimamisha lori.

Nimempelekea recteur habari. Ameshika kichwa kwa mikono miwili. Tungesaini, tungepata kitu. Sikusaini, hatuna kitu. Hajasema hivyo. Nimesema mwenyewe, moyoni, njia nzima.

Jumatatu, 7 mwezi wa nne

Labo imefungwa. Ndani wameweka viti vibovu. Mimi nafundisha kemia kwa mwaka wa kwanza, chumba kimejaa, wengine wanasimama. Désiré ameacha, amepata kazi Nyankunde. Alinipigia simu kusema kwaheri. Sikutegemea. Nimelia baada ya kukata.

Yaya anasema wamama wamejenga furu nyingine. Mama Rachel hajaonekana. Watoto wake wamechukuliwa na shangazi yao.

Jumamosi, 21 mwezi wa sita

Leo sokoni na yaya. Lori la kutoka Mahagi lilikuwa linashusha furu za bati, mpya, rangi ya kijani. Ni furu yetu. Matundu ya hewa mahali palepale, rafu zimepangwa vilevile. Jina la université hakuna. Langu hakuna.

Yaya ameizunguka. Amegonga bati kwa kidole.

"Iko muzuri," amesema, kisha akaniangalia haraka.

Nimefungua mlango, nimeufunga. Unabana pande zote, hata moshi hauna pa kupita. Mlango wangu haukuwahi kufunga hivyo. Walichofanya ni kukunja bati pembeni, basi. Nimefungua tena, nimefunga tena. Muuzaji ameniuliza, mama, unanunua? Nimesema naangalia tu.

Tumenunua sombe, majani ya muhogo, na chumvi. Tumerudi kwa miguu. Yaya ameongea habari za watoto, mimi nimesikiliza.