Mashine ya Glory Ilitoka Magoma

Shangazi Bertha, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi juu huku milimani, upande wa Bumbuli, nafundisha kusoma darasa la kwanza na sayansi darasa la sita, na ninaomba unishauri kabla sijamharibu mtoto wa watu, kama sijamharibu tayari.

Watoto wetu wengi wanaanza shule wakijua Kishambaa tu, ukimwambia fungua daftari anakutazama, kwa hiyo mwaka jana nilianza kuwaita bibi zao, kila Jumatano bibi mmoja anakuja kusimulia hadithi kwa Kishambaa, mimi naandika maneno yake ubaoni, watoto wanayasoma kwa sababu wanayajua, halafu taratibu tunahamia kwenye Kiswahili, na Shangazi, kufikia Juni watoto arobaini na mmoja kati ya hamsini na wawili walikuwa wanasoma, jambo ambalo sijapata kuliona tangu niajiriwe.

Ndipo ikaja fomu ya ubunifu. Kuna mradi wa elimu, jina nalihifadhi, unaopima ubunifu wa shule kwa fomu ya kila miezi mitatu yenye nafasi ya jina la kifaa, jina la mwanafunzi aliyekibuni na picha, na shule isiyo na kifaa hata kimoja inaandikwa kwa rangi nyekundu na mwalimu mkuu anasimamishwa kikaoni ajieleze mbele ya wenzake. Mwalimu Mathayo, mkuu wetu, alisimamishwa mara mbili. Nilimwambia tuwaandike wale mabibi, akacheka bila furaha, akasema, "Mwalimu, bibi siyo kifaa. Na ukiandika Kishambaa, watatuuliza Kiswahili tunafundisha lini."

Basi akashuka Magoma akanunua kwa fundi Hafidhi mashine ya kupukuchulia mahindi, ile ya kuzungusha kwa mkono ambayo wakulima wa kule wanaitumia miaka yote, tukaipaka rangi ya bluu, pale penye herufi za jina la fundi tukapaka mara mbili, halafu akaniambia nitafute mtoto anayejua kujieleza, na mimi, Mungu anisamehe, nikamchagua Glory wa darasa la sita, nikamwandikia maelezo ukurasa mzima, nikamkaririsha, nikamwambia ni kama igizo la shule. Siku maofisa wa mradi walipokuja hakukosea hata neno. Wageni na shule nzima wakapiga makofi, akapigwa picha, na kwenye orodha tukawa wa kwanza wilayani.

Sasa Glory amechaguliwa kwenda Dodoma kuieleza mashine yake mbele ya majaji wa mradi, na zimebaki siku kumi na mbili. Jumatano zangu zimefutwa ili nimfanyishe mazoezi, mabibi wameambiwa wasije, na darasa la kwanza la mwaka huu wanautazama ubao kama ukuta. Mama yake, Efrazia, alikuja na kapu la matunda ya pea kunishukuru, akapiga magoti kabisa, kanisani wametangaza, baba yake anawaambia watu binti yake atakuwa injinia, na juzi katikati ya mazoezi Glory akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wakiniuliza nani amenifundisha kuchomelea vyuma, nijibu nini?" Nikamwambia aseme amejifunza kwa kuangalia. Akaliandika jibu hilo kwenye daftari lake ili asisahau.

Kule kuandika ndiko kunakonimaliza. Mwalimu Mathayo anasema tukifichua tutapoteza ajira sote wawili, na kwamba shule nyingine zinafanya hivi hivi, tena mtoto atapanda basi aione Dodoma, hasara iko wapi. Je, ninyamaze mpaka arudi ndipo niseme, au niseme sasa na kumvunja moyo?

Mwalimu mwenye majuto, Lushoto

Mwalimu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote nilipofika kwenye daftari la Glory nilipandwa na hasira, kwa hiyo usitegemee nikubembeleze.

Unaogopa kumvunja moyo, kana kwamba moyo wa mtoto huyo bado mzima. Mtoto anayeuliza nani alimfundisha kuchomelea ameshajua kwamba anasema uongo, na ameshajua aliyemfundisha ni nani. Alikupa nafasi ya kumtoa humo, tena kwa heshima, nawe ukampa uongo wa pili wa kufunika ule wa kwanza. Na hilo neno igizo lifute kinywani mwako. Kwenye igizo watazamaji wanajua kuwa ni igizo.

Mkuu wako namhurumia kidogo. Kumsimamisha mtu mzima kama mwanafunzi aliyechelewa ni udhalilishaji, na waliotunga fomu ile wana la kujibu. Walitaka ubunifu wa kupigwa picha, wakapata picha. Inaniuma zaidi kwa sababu wewe ulikuwa na kitu cha kweli mkononi, na umekizima mwenyewe ili upate muda wa kukaririsha kitu cha fundi. Lakini aibu ya Mathayo ilikuwa ya Mathayo. Hamkuwa na haki ya kumtwisha binti mdogo.

Kusubiri mpaka arudi usithubutu. Majaji si vipofu, na mashine za namna ile zimejaa vijijini. Akiumbuka ataumbuka peke yake, mbele ya watu asiowajua, wewe ukiwa umekaa viti vya nyuma. Wasipogundua ni vibaya zaidi, maana atarudi nyumbani na cheti.

Leo hii nenda kwa Efrazia na mumewe, waambie wote wawili, halafu kaa usikilize watakachokuambia bila kujitetea. Kesho mwambie Mathayo kwamba unauandikia mradi barua ya kuliondoa jina la Glory, na ni heri atie sahihi naye. Akikataa, sahihi yako inatosha. Humo mtaje fundi Hafidhi, ambaye mmempora kazi yake mchana kweupe, na uwataje mabibi na wale watoto arobaini na mmoja, hata kama fomu haina pa kuwaweka. Jumatano ijayo bibi mmoja arudi darasani. Huenda ukapewa onyo, huenda ukahamishwa. Sitakudanganya kwamba ukweli utakulipa, kwa sababu karatasi ile aliyoikariri Glory uliiandika wewe kwa mkono wako.

Kisha Glory. Usimwite ofisini ukamwambia safari imeahirishwa. Shule nzima ilimpigia makofi, basi simama mstarini asubuhi mbele ya shule hiyo hiyo, mtaje aliyeitengeneza mashine, useme kwamba uongo uliutunga wewe na yeye alitii kwa kuwa mwalimu alimwagiza. Na ukishamaliza, usimwombe msamaha pale pale mbele ya watu. Atakusamehe, maana amezoea kusema lolote unalomwambia aseme.