Kugema Siachi, Vidonge Ndivyo Vinanisumbua

Mama Mshauri, kamwene. Naomba msaada wako, ila nakwambia mapema, habari ya kuacha kugema ulanzi, pombe yetu ya mianzi, usiniletee. Mimi ni Kalinga, miaka arobaini na saba, wa huku Kilolo, na mwaka jana nilivunjika mguu nikalala wiki nyingi, damu ikaganda mguuni, bonge likapanda mpaka kwenye mapafu, nikakosa pumzi nikajua ndiyo naondoka, hospitali wakaniokoa wakanipa wafarini, vidonge vya kuzuia damu isigande, nimeze kila siku na niende kupimwa damu. Sawa, nikameza. Sasa mvua zimeanza, mwanzi unataka ukatwe ncha asubuhi na jioni la sivyo hautoi kitu, na siku moja kisu kikateleza kikanichana kidole, kidonda kidogo tu, lakini damu ilitoka mpaka shati likaloa. Nikajipangia mwenyewe. Tunapokezana na mdogo wangu Aroni, basi siku ya zamu yangu simezi, siku ya Aroni nameza, na wiki ya tatu hii niko mzima. Juzi mke wangu Rozalia kahesabu vidonge, kaona vimebaki vingi, kaficha kisu, anasema zamu yangu atagema yeye. Mwanamke agema mianzi aliyoniachia baba, mimi nimekaa? Kilabuni nitaweka wapi uso? Mwambie arudishe kisu.

JIBU

Kamwene, Kalinga. Pole kwa yaliyokupata. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilikuwa nimekasirika.

Nani alikwambia wafarini ni dawa ya zamu? Ini lako linatengeneza vitu vya kugandisha damu, na dawa hii inavipunguza ili bonge jingine lisijijenge. Haianzi kazi siku hiyo hiyo, na ukiiacha haiishi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo siku unayoshika kisu, dawa ya jana bado imo mwilini, ukijikata utavuja tu. Na kwa kuruka ruka hivi, kinga nayo imepungua. Umekosa huku na huku, baba. Unajisifu uko mzima, kwani lile bonge la kwanza lilikupigia hodi?

Sikukatazi kugema milele. Kesho asubuhi nenda kliniki, sema ukweli wote, siku ngapi umeruka, wakupime wakwambie uendelee vipi. Usimeze viwili viwili kufidia. Waulize na muda wa dawa, maana wengine humeza miezi kadhaa tu, wengine maisha. Ulanzi mwingi unavuruga dawa hii, na dawa za maumivu za dukani usimeze bila kuwauliza. Mboga za majani nazo huipunguza nguvu, kula, ila kwa kiasi kile kile, siyo leo sufuria zima na kesho hakuna. Ukikojoa damu, ukipata choo cheusi, ukigonga kichwa, au pumzi ikibana, hospitali hapo hapo.

Kisu sitamwambia akirudishe. Huyo mwanamke amehesabu vidonge vyako wewe ukihesabu mianzi. Msimu huu zamu yako ni yake, na wewe kazi yako ni kumwonyesha ncha inakatwaje. Kilabuni watakucheka, hilo sikufichi. Waache wakucheke ukiwa unawasikia.