Lumbesa ya Mistari

Soweto, Mbeya
10 Machi 2025

Kaka Faustin,

Shikamoo, na Kamwene ya kilugha chetu. Hujambo wewe, na shemeji Esther na Blessing hawajambo? Mimi mzima kiasi, ila jino lile la nyuma limeamka tena, na baridi ya huku hainipi nafasi ya kulisahau.

Usishangae kupata karatasi. Wiki iliyopita nilikuandikia ujumbe mrefu kwenye simu, nikaufuta, nikauandika upya ili usikwazike. Ukanijibu kwa kidole gumba. Kidole, kaka! Sasa bahasha hii nimempa kondakta wa basi la Iringa. Karatasi haina kitufe cha kidole, itabidi uandike.

Nina hasira na nitaisema. Hicho kipimo mlichotuletea kutoka makao makuu ni cha kijinga. Mmetundika skrini pale wageni wanaponywea chai, na juu yake majina yetu sisi waandishi wa programu, kila mmoja na mistari aliyoingiza na kazi alizofunga. Ezekia yuko juu kabisa kwa rangi ya kijani. Mimi niko chini kabisa, nyekundu, mpaka mleta maziwa ameniuliza nimefanya kosa gani.

Unataka kujua Ezekia anafanyaje? Anaiambia akili mnemba, "Niandikie hiki," inamwandikia, anabandika, anaenda zake kunywa kahawa. Jana nilimwomba anieleze kipande kimoja kinafanya nini. Akacheka, akasema, "Dada Yusta, si kinafanya kazi? Ukikiuliza maswali mengi kitanuna." Ni kijana mzuri, simchukii. Lakini mimi ndiye ninayekaa kumsomea, na kusoma hakuna mahali pake kwenye skrini yenu. Nikikuta makosa nikayatoa, mistari inapungua, na alama zangu zinapungua nayo.

Sisi tumezaliwa Ilula, kaka. Tunajua lumbesa. Tumeona wanunuzi wakilazimisha tenga la nyanya lijazwe mpaka lichomoze kilima juu, halafu wanaliita tenga moja. Na tumeona wakulima nao wakilipiza kwa kuficha mbovu chini na kupanga nzuri juu. Ndicho mnachotufundisha: tujaze. Kilicho chini mtakijua kikianza kunuka.

Mimi si adui wa mashine. Naitumia, inanisaidia vitu vidogo, halafu nakisoma ilichoandika kama ninavyosoma mkataba. Ninaomba mambo mawili tu, na wewe ndiye mkuu wetu. Shusha skrini ile. Na kisiingie kitu cha mashine kwenye Lori Letu kabla mtu hajakisoma na kuweka jina lake. Huo ndio mfumo unaoyaambia malori yasimame wapi barabarani na yachukue matenga ya nani. Mama yumo mle, na majirani zake wote.

Mdogo wako,
Yusta


Iringa
17 Machi 2025

Mpendwa Yusta,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema. Asante sana kwa kushiriki maoni yako yenye thamani. Ninaelewa kwamba mabadiliko yanaweza kuambatana na changamoto.

Ni muhimu kutambua kuwa kipimo kipya si tu chombo cha kuhesabu, bali ni safari ya pamoja kuelekea ufanisi. Akili mnemba inatuwezesha kufanya mengi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Kwa pamoja, tunaweza kuoanisha ubunifu, ubora na kasi.

Nakuhimiza uendelee kukumbatia fursa hizi. Usisite kuwasiliana nami endapo utakuwa na swali lingine lolote.

Wako mwaminifu,
Faustin Kalinga


Soweto, Mbeya
21 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo, kama ni wewe.

Tangu lini mimi ni mpendwa kwako? Hukunipa Kamwene. Hukuuliza jino. "Safari ya pamoja"! Nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani, Mercy ninayekaa naye akaniuliza kama ni barua ya benki. Umeipa mashine barua yangu, kaka. Nimekuandikia kwa mkono wangu, ukanijibu kwa mkono wa kukodi.

Sawa. Nitasema kifupi, ili hata kama husomi wewe, isome hiyo. Mle kwenye Lori Letu kuna sehemu niliyoiandika mimi mwaka juzi. Ukiitazama haraka ni ya kipumbavu. Inaruhusu namba moja ya simu kubeba wakulima wengi. Kila Ezekia anapoipitisha mashine pale, mashine inasema hapa pana marudio, pasafishwe, namba moja mtu mmoja. Nimekataa kila mara. Nimeandika na onyo juu yake: MSIGUSE.

Wewe unajua kwa nini ipo. Bondeni kwetu mtandao haufiki, unafika pale juu uani kwa mama. Kwa hiyo simu ni ya mama, lakini ni ya Verediana pia, na ya mzee Jailos, na ya kila nyumba ya chini kule. Ujumbe ukiingia, mama anatoka uani anapaza sauti: "Verediana, lori lako kesho asubuhi!" Mashine haijui hilo, nani aliiambia? Wewe umekua nalo. Lilinde.

Mdogo wako wa damu, si mpendwa,
Yusta


Iringa
29 Machi 2025

Yusta,

Kamwene. Haya, huu ni mkono wangu, ona mwandiko wa kuku ulivyo. Jino vipi? Kaling'oe, acha kulibembeleza. Esther na Blessing wazima, wanakusalimu.

Sasa nisikilize, maana hasira si yako peke yako. Unanianika mpaka kwa mwenzako wa nyumbani? Mimi ni kaka yako, na kazini ni mkuu wako. Kila Jumatatu nakaa mbele ya wenye kampuni, wananiuliza swali moja: mashine tumeileta, watu wako wamezidisha nini? Siwezi kuwaambia, "Yusta amesoma." Wanataka namba, nawapa namba. Kama unayo namba ya kupimia kusoma, nitajie niitundike leo. Huna. Basi.

Na usinifundishe simu ya mama. Mimi ndiye niliyekuwa nikikimbizwa bondeni kuita watu waje wapokee simu, wewe ukiwa bado unanyonya kidole. Habari za uani kwetu hakuna wa kunisimulia.

Onyo lako limefika. Lakini kila kitu cha Lori Letu kinakwama mlangoni kwako, na wenzako wamechoka. Kuanzia Aprili unahamia upande wa matangazo. Atakayepitisha kazi za Lori Letu ni mimi mwenyewe, kwa hiyo lala usingizi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kaka yako,
Faustin


Ilula
14 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Jino nimeng'oa. Mama ni mzima wa mwili, anakusalimu, Tumsifu Yesu Kristo.

Niko nyumbani tangu Jumatano. Najua huko ofisini mmeshaliita jambo hili hitilafu. Ngoja nikuambie hitilafu ilivyo ukiitazama kutoka uani kwetu.

Simu ya mama ilipata ujumbe: lori kesho asubuhi, Benedicta Kalinga. Jina moja. Mama akadhani majina mengine yanafuata kama siku zote, akapaza sauti, akawaita wote. Watu wakachuma, wakapanga matenga barabarani, yake na yao pamoja. Lori likaja. Dereva akatazama simu yake, akapakia ya mama tu. Verediana akamshika shati, akamwambia, "Baba, na haya je? Si tumejiandikisha wote?" Dereva akasema, "Mama, humu hampo. Na mimi napimwa dakika, niachie." Akaondoka.

Zilikuwa nyanya zilizoiva za kwenda sokoni siku ile ile. Abiria wa mabasi wanaonunua barabarani hawawezi kumaliza nyanya za bonde zima. Jua likazipiga, zikaanza kutoa maji. Mzee Jailos alizibeba zake akaja kuzimwaga uani kwa mama, mbele ya mlango. Nimezizoa mimi, kaka, na nzi juu yangu.

Wanaamini mama amewafuta. Simu ni yake, jina lililobaki ni lake, mzigo ulioondoka ni wake, na wenye mfumo ni wanawe. Ningekuwa wao ningeamini hivyo hivyo. Alhamisi zamu ya jumuiya kusali ilikuwa kwetu. Mama alitandika mikeka, akachemsha viazi vya kuwatosha wote. Hakuja mtu. Tukasali rozari sisi wawili, yeye anaongoza, mimi naitikia, huku viazi vinapoa.

Nimefungua programu, maana bado hamjanifungia mlango. Sehemu yangu haipo, na onyo langu halipo. Mashine imeandika: marudio yamesafishwa. Chini yake imeandikwa aliyepitisha, Faustin Kalinga. Ulipitisha bila kusoma? Au ulisoma ukapitisha? Sijui lipi baya zaidi. Nimeona na picha mliyotuma wiki ile ile, mnakata keki kwa sababu kazi zilizofungwa hazijawahi kuwa nyingi vile. Debe tupu haliachi kuvuma.

Njoo Ilula. Simama mbele ya watu hawa useme ni wewe. Usiseme mfumo. Mfumo haukubebwa na mama mgongoni.

Mdogo wako,
Yusta


Iringa
20 Juni 2025

Yusta mdogo wangu,

Kamwene. Mama anakula? Anatumia dawa zake za presha? Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisi, nikakaa pale pale nikairudia.

Sikusoma. Hilo ndilo jibu. Zilikuwa nyingi, zote zina alama ya kijani ya mashine, nikabonyeza. Onyo lako niliziona herufi zake kubwa, nikasema huyu na hasira zake, nikabonyeza.

Lakini kuja kusimama, sasa hivi hapana. Wenye kampuni wamekataza mtu yeyote kusema lolote nje ya tamko lao. Nikisema ni mimi nimejifukuza kazi mwenyewe, na Esther hana kazi, na Blessing ndiyo kwanza ameanza shule. Nielewe. Nilichoweza nimefanya: wamekubali kutuma ujumbe wa pole kwa kila mkulima, kwa jina lake. Nimeupigania, Yusta, nimegombana na watu kwa ajili yake, usiudharau. Utatoka Jumatatu. Wakishaupata mioyo itatulia. Mimi nitakuja nyumbani Krismasi.

Kaka yako,
Faustin


Ilula
24 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Mama anakula kidogo. Dawa anatumia nikimsimamia.

Ujumbe wenu wa pole umefika jana. Umefika mmoja. "Ndugu Benedicta Kalinga, tunasikitika kwa mzigo wako kutochukuliwa." Kaka, mzigo wake ndio pekee uliochukuliwa. Verediana hakupata kitu, mzee Jailos hakupata kitu, kwa sababu mpaka leo hawamo. Mmewaomba radhi watu kwa mfumo ule ule uliowafuta. Kuna aliyeusoma kabla haujatoka? Au nao ulikuwa na alama ya kijani?

Nilicheka kwa hasira mpaka mama akaja kuniangalia kama nina homa. Simu ameifungia kabatini. Verediana siku hizi anapanda kilima cha ng'ambo na simu ya kuazima kutafuta mtandao, mzee mzima na miguu yake ile, asipite uani kwetu.

Kazi yenu nimeacha. Futa jina langu kwenye skrini, jekundu na yote.

Sasa nikuambie nililokuficha. Mama anajua ni wewe. Nilimwambia siku ile ile nilipoliona jina lako. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Nikainuka niende kwa Verediana nikaseme ukweli. Akanishika gauni. Akasema, "Kaa chini. Ukishasema, huyu mtoto akija nyumbani atapita njia gani? Mimi waniite mchoyo, nimezeeka, nitazoea. Jina la Faustin usilitoe mdomoni hapa bondeni."

Nikamwambia, mama, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Akasema, "Basi nitalia."

Hivyo ndivyo anavyoishi hapa, kaka. Anaamka, anafagia uani mahali zilipomwagwa zile nyanya. Amelibeba lako, na wewe unamletea Krismasi.

Alhamisi jumuiya inasali kwa Verediana. Mama atakwenda, ameshanyoosha kitenge, ingawa anajua hakuna atakayempisha kwenye mkeka. Iringa na Ilula si mbali, basi la asubuhi linakufikisha kabla hawajaanza. Mimi mama amenikataza kusema, na nitamtii. Wewe hajakukataza.

Mdogo wako,
Yusta