Vidole Viwili vya Meta

Bonde la Mierezi, Texas
14 Septemba 1919

Mpendwa Baba,

Pokea shikamoo yangu. Sisi huku wazima. Mguu unaendeleaje, na wifi yangu bado anakunyima soseji?

Shule yako tumeifungua. Jiko linafuka moshi vilevile, na paa linavuja palepale ulipopaacha. Lakini mkaguzi wa wilaya amekuja na sheria mpya: Kijerumani chetu cha nyumbani kisisikike tena darasani, Kiingereza tu, hata kwa mtoto anayeomba kwenda chooni. Akisikia neno moja, cheti changu kitachukuliwa na mlango utafungwa. Amesema atarudi bila kupiga hodi.

Watoto wakubwa wanajiweza. Anayenitia wasiwasi ni Meta, mjukuu wa marehemu mzee Wiedner. Ana miaka sita, na Kiingereza chake chote ni kuhesabu mpaka tatu.

Binti yako,
Alwine

San Antonio
20 Septemba 1919

Mwanangu Alwine,

Marahaba. Mguu ni uleule. Soseji nanyimwa bado, naila kwa jirani.

Unasema shule yangu. Si yangu. Mwaka ule wa ukame watu hawakuwa na mahindi ya kuwatosha, lakini walikokota mawe ya kuijenga toka kijitoni huku wakigombana mlango uelekee wapi. Wiedner ndiye aliyechoma chokaa. Ilimrukia jichoni akawa chongo. Nilimuuliza kama anajuta, akanicheka: "Acha wee! Hili lililobaki linatosha kuwaona wajukuu wakisoma."

Kwa hiyo huyo mtoto mtunze. Mfundishe ishara: akibanwa, anyooshe vidole viwili, nawe umwitikie kwa kichwa. Mkaguzi hawezi kusikia vidole.

Baba yako

Bonde la Mierezi
2 Oktoba 1919

Baba,

Shikamoo. Leo siulizi mguu, nisamehe.

Meta aliishika ishara yako siku hiyohiyo. Aliipenda mno, akawa anaitoa hata asipobanwa. Jana mkaguzi aliingia katikati ya hesabu, akaketi benchi la nyuma. Meta akanyoosha vidole viwili. Niliviona. Mkaguzi naye aliviona, akaniuliza, "Huyo anataka nini?"

Niliogopa, Baba. Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, mambo yakaisha. Badala yake nikamwambia Meta kwa Kiingereza aseme kwa maneno, kama wenzake. Akavinyoosha juu zaidi, akidhani sijamwona. Nikarudia. Mara mkojo ukamtiririka mpaka viatuni, na wavulana wakaangua kicheko. Mkaguzi alipoaga alisema nidhamu yangu ni nzuri.

Leo hakuja. Jioni nilienda kwao na keki ya pichi. Mama yake alikuwa anaanika soksi, hakunikaribisha.

"Nilimwambia, labda Mwalimu hakukuona," akasema. "Akanijibu, 'Aliniona, Mama.' Haya, niambie, mwongo nani?"

Nikasema nimemletea Meta keki.

"Kawape waliocheka."

Naona haya hata kukuandikia. Nifanye nini?

Alwine wako

San Antonio
7 Oktoba 1919

Mwanangu,

Sina cha kukufariji. Umekosa, na unajua. Keki ni kukwepa. Ulimwaibisha mbele ya darasa, basi mwombe radhi mbele ya darasa, tena kwa Kijerumani, aelewe kila neno.

Najua cheti kinaweza kwenda, na shule nayo. Nimeliwaza hilo mpaka chakula kimenishinda. Lakini Wiedner angekuwa hai, ningelitazamaje lile jicho lake? Fanya mara tu atakaporudi, usingoje. Kisha uniandikie.

Baba yako

Bonde la Mierezi
9 Machi 1920

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu. Barua zako zote za tangu Krismasi zilinifika. Sikujibu kwa sababu kila moja iliniuliza jambo lilelile.

Sikufanya. Meta alirudi kwa sababu sheria inamlazimisha. Asubuhi hiyo nilisimama mbele yao, nikafungua kinywa, nikasikia gari barabarani. Nikasema, "Fungueni vitabu." Kumbe lilikuwa gari la maziwa. Tangu hapo kila siku nimekuwa nikisema kesho.

Shule ipo. Mkaguzi ameisifu mbele ya wilaya nzima na kuniongezea mwaka wa kufundisha. Meta ndiye anayeongoza darasa. Hanuni, ananiamkia vizuri, ila vile vidole hajavinyoosha tena, wala hajaomba kwenda chooni. Mama yake anasema asubuhi za shule hagusi maziwa wala kahawa.

Joto limeanza mapema mwaka huu. Wakati wa mapumziko wenzake wanasukumana kwenye ndoo ya maji, yeye habanduki kwenye benchi. Jana nilimpelekea maji mwenyewe, kata imejaa.

"Hapana, asante, Mwalimu. Sina kiu," akaniambia kwa Kiingereza safi kabisa, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

Binti yako,
Alwine