Mdakaji Anasaini Jumatano, Kocha Anahama Alhamisi

Mpendwa Bi. Verna,

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika, nilitaka kukuandikia tangu Jumamosi ya wageni lakini mdogo anaota meno na mkubwa amejifunza kufungua friji, na kila nilipokaa nikaandika "naomba msaada" kuna mtu alimwaga kitu, kwa hiyo leo ni Alhamisi, wiki ijayo Jumatano vijana wanasaini kujiunga na vyuo, na naandika nimesimama, simu iko juu ya mashine ya kufulia. Ukiona sentensi imekatika ujue ni maziwa.

Mume wangu nitamwita Dalton, ingawa si jina lake. Ni kocha wa wadakaji katika timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo hapa Harlan Fork, Kansas, yaani wale vijana warefu wanaokimbia pembeni mwa uwanja kuungoja mpira urushwe. Kazi yao ni kukimbia na kudaka, basi. Tafadhali gazetini usitaje chuo, wala mji, wala kwamba ni wadakaji, maana kocha wa wadakaji hapa ni mmoja tu na duka la vyakula ni moja tu na mimi ndiye ninayekwenda dukani.

Msimu ulipoisha, dirisha la uhamisho lilifunguliwa na wadakaji wetu wakatoka kama kuku waliofunguliwa banda, mmoja aliaga kwa picha mtandaoni kabla hata hajarudisha helmeti. Tumebaki na watatu. Wa kwanza goti lake limefungwa vyuma. Wa pili ana mbio za ajabu ila mpira ukimjia anafumba macho. Wa tatu alikuwa anapiga tarumbeta kwenye bendi ya chuo, Dalton alimwona anapita mlangoni huku ameinama, akamwambia mwanangu, weka hiyo tarumbeta chini. Mimi mwenyewe nimerushiwa mipira nyuma ya nyumba nikiwa nimemfunga mtoto kifuani, Dalton alikuwa anajaribu jambo fulani la pembe, na nilidaka mingi kuliko mpiga tarumbeta, na hapo sijivuni, naeleza tu hali ya timu.

Ndiyo maana Tavaris ni habari kubwa. Tavaris anatoka Louisiana, ana mikono kama mapakacha, na vyuo vikubwa kuliko chetu vinamtaka, ila yeye amempenda Dalton. Dalton amekwenda kwao mara nyingi, amekula kwa mama yake, amembebea bibi yake kabati kutoka ghorofani hadi chini na mgongo ukamuuma wiki nzima, mimi ndiye niliyemchua. Huyo kijana haji kwa ajili ya chuo. Anakuja kwa mume wangu.

Sasa unajua desturi, kijana akija kutazama chuo, jioni moja analetwa nyumbani kwa kocha ili aone watoto na picha ukutani na mama yake aridhike kwamba sisi ni watu. Kupika ni kazi ya mke. Nilioka kuku akakauka kama soli ya kiatu, na keki yenye namba ya jezi ya Tavaris, mkubwa wangu akaramba tarakimu ya kwanza. Mama yake, Bi. Renita, ni dereva wa basi la shule, alikuja na gambo, ule mchuzi wao mzito wa kamba na soseji, umegandishwa ndani ya sufuria ya chuma ya marehemu mama yake, sufuria imeviringishwa kwa taulo ndani ya sanduku la nguo. Aliniambia, "Nimesikia huku mnakula mahindi na huzuni." Nilimpenda hapohapo.

Baada ya chakula akanifuata jikoni, akachukua kitambaa akaanza kufuta sahani bila kuombwa.

"Mdogo wangu," akasema, "wanaume wamenieleza habari za viatu, za uwanja, za chumba cha kunyanyulia vyuma. Mmoja amenionyesha bwawa. Mwanangu si samaki."

Nikacheka.

"Sasa niambie wewe, mama kwa mama. Huyu mumeo, mwanangu akija, atamkuta?"

Bi. Verna, mtoto wangu alikuwa sebuleni, amelala fofofo begani kwa Tavaris, udenda unamtoka. Mimi nikasema, "Nasikia mtoto analia," nikatoka.

Kwa sababu hatamkuta. Dalton amepata kazi kwenye chuo kikubwa Texas na ameshawaambia ndiyo, ila hakuna anayejua, maana katika kazi hii kocha haondoki kabla vijana hawajasaini, anaondoka kesho yake. Kuondoka kabla ni usaliti, kuondoka baada ni maendeleo. Kijana akishasaini amefungwa kwetu, naye Dalton anasema asipopenda si atapita dirisha la uhamisho mwakani, kana kwamba ni jambo zuri mtoto wa watu kuanza chuo akitafuta pa kutokea.

Nilimwambia, "Dalton, mwambie yule mama."

"Nikimwambia, kocha mkuu ananifukuza leo, na Texas hawajatuma mkataba."

"Basi acha kumsajili."

"Chuo kibaki na mpiga tarumbeta?"

"Dalton, wewe hubaki."

"Mama watoto, hii ndiyo kazi. Wote wanafanya hivi. Hata mimi nilifanyiwa."

Alisema hivyo kama mtu anayenionyesha cheti. Na ni kweli alifanyiwa. Mimi nilimjua mwaka uleule, kocha aliyemleta chuoni alikuwa ameshahama, aliyekuja hakujua hata jina lake, na Dalton alikuwa akila chipsi peke yake ndani ya gari ili wenzake wasimwone analia. Mimi ndiye niliyegonga kioo nikamwomba moja.

Si mtu mbaya, Bi. Verna. Anabadilisha nepi bila kutafuta sifa. Na niseme la mwisho lililonizuia kukuandikia kuliko meno ya mtoto: mimi naitaka Texas. Mama yangu yuko huko. Angemshika mtoto, mimi ningelala.

Kila asubuhi Bi. Renita ananitumia ujumbe uleule, "Mdogo wangu, mtoto amenyamaza?" Na sufuria yake bado iko kwangu.

Nimjibu nini?

Mama Asiyelala

*

Binti yangu,

Nakutumia jibu hili moja kwa moja kwenye simu yako, na gazetini halitatoka mpaka wino wa Jumatano ukauke. Umeniomba nisitaje wadakaji katika barua ambayo haina kingine ila wadakaji.

Kuchelewa nimekusamehe. Nimelea wanne, najua friji. Ila kumsingizia mtoto mchanga aliyelala sijakusamehe bado. Huyo ndiye mtu pekee nyumbani kwako ambaye hajadanganya mtu, na mmemtumia kuwa pazia.

Mpira siujui na sitaki kuanza uzeeni. Lakini umenieleza kwamba kazi ya mdakaji ni kukimbia na kudaka, na kwa ninavyoona kazi ya mumeo imebaki kukimbia. Ati hata yeye alifanyiwa. Mtu aliyeng'atwa na mbwa hapewi kibali cha kung'ata. Yeye hasa, aliyekula chipsi akilia ndani ya gari, anajua atamkosesha nini yule kijana, na ndiyo maana anajieleza sana. Mwanamume asiye na kosa hajielezi, anaomba chakula.

Nawe usijifiche nyuma ya mgongo wake uliouchua. Kuitaka Texas si dhambi, mama mchovu ana haki ya kumtaka mama yake. Lakini usingizi utakaoupata huko kwa mtoto wa Renita kuuzwa huku hautakuwa usingizi, utakuwa kufumba macho tu, kama yule mdakaji wenu wa pili.

Sasa nisikilize. Usimpigie yule mama nyuma ya mumeo. Hilo litakuwa la pili la kuungama, na ndoa yako haina nafasi ya kuweka mengine. Leo watoto wakishashiba, mketishe Dalton, usipige kelele, mwambie hivi: "Mpaka Jumapili kabla ya chakula cha mchana uwe umempigia Bi. Renita mwenyewe. Usipompigia, mimi nitajibu swali nililoulizwa jikoni kwangu, kwa maneno matatu, 'Hapana, dada, hatamkuta.'" Usiongeze neno, usilie, usianze kumsimulia Texas. Kisha pakua chakula. Mumeo si adui, na mtu aliyeshiba huona aibu mapema kuliko mwenye njaa.

Kutoka kwa Renita aende kwa kocha mkuu, kwa miguu yake, kabla hajasikia kwa mwingine. Huenda akafukuzwa. Sikudanganyi, huenda Texas nao wakanyamaza, na wewe utaniandikia barua nyingine yenye matusi. Nitaisoma. Bado afanye.

Na ile sufuria, usiiguse na sabuni. Chuma kinasuguliwa kwa chumvi ya mawe, kinakaushwa motoni, kinapakwa mafuta. Usiirudishe tupu.

Verna

*

Bi. Verna,

Nimechelewa tena, jino la tatu limetoka.

Nilimwambia kama ulivyosema. Dalton alitoka nje akawa anarusha mpira kwenye mlango wa gereji, bam, bam, mpaka jirani akauliza kama tunabomoa. Siku mbili hatukusema ila "nipe chumvi". Jumapili nimeshaweka viazi mezani akanishika mkono, tukaingia chumba cha kufulia, tukafunga mlango, watoto wakawa wanaupiga kwa vijiko huko nje. Akapiga simu na sauti ikawa wazi.

"Mama Tavaris, nimepata kazi Texas. Nilikuwa nihame mara tu mtakaposaini. Nilipaswa kukwambia siku ile mezani kwangu."

Nilisikia redio yao inaimba nyimbo za kanisa.

"Kocha, mkeo yupo hapo?"

"Yupo."

"Mdogo wangu, kumbe mtoto hakulia."

"Hakulia, dada."

"Nilijua. Nabeba watoto sitini kila asubuhi, nisijue kilio?" Akavuta pumzi. "Kocha, wewe umekula kwangu. Umembebea mama yangu mkwe kabati. Nimewaambia watu kanisani kwamba huyu ni mwenzetu."

Dalton akasema, "Ndiyo, mama," kwa sauti sijaisikia tangu siku za chipsi.

"Haya. Huko Texas, wadakaji mnao wangapi, mwanangu akikufuata?"

Dalton akanitazama. Nikamwonyesha kwa kidole, sema.

"Wengi mno, mama. Atakaa benchi mwaka mzima, pengine miwili. Hapa angecheza siku ya kwanza."

"Umeona?" akasema Bi. Renita. "Ukitaka kusema kweli unaweza." Akakata.

Jumatatu Dalton alikwenda kwa kocha mkuu, na kabla ya chai alikuwa amerudisha funguo za ofisi. Texas walikuwa wakipiga simu kila siku. Sasa wanasema watatupigia. Siku ya kusaini tuliitazama kwenye simu, mtoto katikati yetu. Kofia za vyuo zilikuwa zimepangwa mezani mbele ya Tavaris, yetu ya mwisho kushoto, waandishi wanangoja achague moja aivae. Akanyanyuka, akamvua mama yake kofia ya udereva, akaivaa hiyo, akasema atasaini Februari, awamu ya pili, kwanza anataka kujua nani atakuwepo. Dalton alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Dukani watu wananigeuzia mgongo penye rafu ya mikate. Sawa, naona migongo yao na wao hawaoni ninachonunua. Jana usiku nililala, Bi. Verna, saa nne mfululizo, bila mama yangu.

Asubuhi hii ujumbe wa Bi. Renita ulikuwa mwingine. "Sufuria niletee mwenyewe, na watoto, na huyo mumeo. Bibi anataka kabati lirudi juu."

Kwa hiyo tunasafiri Jumamosi, na bado nahitaji unitumie: maboksi ya kuhamia, makubwa, hata kama hatujui yataelekea wapi, dawa ya kupaka ufizi, chumvi ya mawe, hapa imekwisha na siwezi kumwomba jirani, mapishi ya keki inayofika Louisiana ikiwa keki, maana sufuria hairudi tupu, mkanda wa mgongo wa Dalton, saizi kubwa, na mdakaji mmoja wa kuachia mji huu, hata mfupi, ilimradi afumbue macho, ampokee mpiga tarumbeta wa watu arudi kwenye bendi yake.